Ukili wa Yuda na Ukili wa Israeli

Mchana, saa nane zile, jua likishalishika bati na mtaa wetu wote wa Majani Mapana umenyamaza, wafalme hunijia. Sisemi naota. Nasema hunijia. Nakuwa nimejinyoosha kwenye mkeka, feni inazunguka kivivu maana umeme wenyewe ni wa kubembeleza, macho yamefumba nusu, mara namwona Asa na miguu yake mibovu anaingia anatafuta pa kukaa. Nyuma yake Omri, mtu wa vita, hana hata salamu. Zimri huwa hafiki mlangoni, kwa sababu alitawala siku saba tu, na mtu wa siku saba hajui hata jiko liko wapi. Nawakaribisha wote. Nimekaa nao miaka mingi kuliko niliyokaa na marehemu mume wangu, na wao angalau hawakoromi.

Basi ninyi mlionijia juzi na mikoba yenu mipya, mkanipa shikamoo ya pamoja kama watoto wa darasa la kwanza, mkasema mnakwenda kufundisha somo la dini na mnataka Mama Mwalimu Nakijwa awape mawili matatu, nawajibu leo. Juzi nilikuwa na usingizi. Leo pia ninao, ila leo nina hamu ya kusema. Nikiruka kutoka huku kwenda kule, nifuateni tu. Mimi na njia iliyonyooka tuliachana zamani.

Kazi yangu mimi ilikuwa nyakati za wafalme wa Waebrania. Nilizifundisha katika chuo kidogo cha wainjilisti nje ya Fukayosi, madarasa mawili na bweni, mbele yetu mashamba ya mihogo. Mtu akisikia "nyakati za wafalme" anapiga miayo. Simlaumu. Lakini kaeni mnielewe kwanza somo lenyewe. Sulemani alipokufa ufalme ulipasuka vipande viwili: Yuda kusini, Israeli kaskazini. Kila upande ukawa na wafalme wake. Kalenda ya ukutani hawakuwa nayo, wala tarehe kama hizi zetu. Waandishi wao walifanyaje? Walimhesabu mfalme wa huku kwa mwaka wa mfalme wa kule. Wanakwambia, mwaka fulani wa Asa wa Yuda, ndipo Ela akaanza kutawala Israeli. Ni kama mimi nikwambie nilihamia mtaa huu mwaka ule jirani yangu alipoezeka bati. Ukimjua jirani, umeujua mwaka. Usipomjua, shauri yako.

Aliyenifundisha mimi alikuwa Mchungaji Zakaria, Mzaramo mmoja mpole, mwenye kikohozi cha kudumu na kanzu nyeupe isiyoona doa. Huyu hakuwa na kiboko. Ukikosea alikutazama tu kwa huruma, na ile huruma iliuma kuliko fimbo. Alitukataza kumfundisha mfalme peke yake. "Mkalishe na jirani yake," alisema. Ukifundisha wafalme wa Yuda wote hadi mwisho, ndipo urudi kuanza wa Israeli, wanafunzi watadhani Israeli ilikuja baadaye. Nimewaona walimu waliosoma vyuo vikubwa wakifanya hivyo, na kwenye mtihani wanafunzi wao wanaandika kwamba Eliya alitabiri baada ya Yerusalemu kuchomwa. Msifanye hivyo, nawaomba.

Na mtaulizwa, hilo halikwepeki, mbona kuna Ahazia wawili na Yoramu wawili, na wote wameishi wakati mmoja? Jibu lipo karibu na nyumbani. Walioana wale, ukoo mmoja ukaingia mwingine, na majina yakaingia nao. Jirani yangu wa Fukayosi, Bi Mwanahamisi, alikuwa na Salumu mume, Salumu mtoto na Salumu wa Kiwangwa anayeleta mananasi. Akiita "Salumu!" anaitika yule anayetakiwa. Wanafunzi wangu wakishasikia hayo, hawachanganyi tena.

Siku hizi mna projekta. Sina ugomvi nayo. Picha inang'aa, wafalme wana rangi, mnabonyeza wanapita. Lakini wanapita haraka mno jamani. Mkono haujagusa kitu. Mimi mwaka ule nilichoka na ubao, nikamwendea Bi Mwanahamisi, nikamkuta uani kwake anasuka ukili. Mnaujua ukili, ule utepe mrefu wa miyaa ambao ukishonwa huku na huku unakuwa mkeka. Nikamwambia, "Shoga, nisukie kili mbili ndefu, mmoja mweupe hivi hivi, mwingine mwekundu."

"Mkeka gani huo wa kili mbili? Utalaza nini, mjusi?"

"Nitalaza wafalme."

Akanitazama. Akasema, "Haya. Wafalme wako wasiwe wazito."

Nikazipima kwa kidole. Upana wa kidole kimoja, mwaka mmoja. Mfalme akifa, nafunga uzi. Ukili mweupe ukawa Yuda, mwekundu ukawa Israeli, nikazitundika ukutani darasani, moja juu ya nyingine. Zilipendeza! Asubuhi upepo ukiingia dirishani zilikuwa zinacheza kidogo, na mimi nasimama mlangoni na chai yangu natazama vizazi na vizazi vinayumba polepole, nasahau kama kipindi kimeanza.

Sasa yupo kijana mmoja, Obadia. Mwenyeji wa Ubena, ile ya Chalinze. Mrefu, mwembamba, ukimuuliza kitu anakawia kujibu mpaka unadhani hajasikia. Baba yake alifariki yeye mdogo, mama akamlea kwa ufuta na mihogo. Mama mwenyewe hajui kusoma. Tangu Obadia alipojua herufi, kazi yake jioni ilikuwa kumsomea mama Maandiko, na mama alimwambia kila neno humo ni la kweli, hata koma. Akamtoa kwa kanisa. Hapo chuoni ndiye aliyeongoza sala za asubuhi, na nawaambieni, kijana alikuwa akiomba hata kuku wa mpishi wananyamaza.

Siku hiyo akanyoosha mkono. "Mwalimu, naomba kuzishika hizo kili."

Nikampa. Akazilaza juu ya meza, akazilinganisha vichwa pale ufalme ulipopasuka, maana Rehoboamu na Yeroboamu walianza pamoja. Akazinyoosha mpaka mwisho, pale nilipofunga uzi mweusi. Huo uzi mweusi ni Yehu. Yehu alikuja na gari lake la farasi analiendesha kama mwendawazimu, akawaua mfalme wa Israeli na mfalme wa Yuda siku moja.

"Siku moja, mwalimu?"

"Siku moja."

"Wameanza pamoja, wamekufa pamoja. Mbona mwekundu umezidi?"

Vidole vitatu vya ukili mwekundu vilikuwa vinaning'inia nje ya meza. Yuda miaka tisini na mitano, Israeli tisini na minane. Darasa zima likaviangalia vile vidole vitatu.

Sikushtuka. Kila mwalimu wa somo hili anapajua hapo, na wengi tunapapita mbiombio, tunasema kuna tofauti ndogo, wataalamu wameieleza, tuendelee. Ubaoni unaweza kupita mbiombio. Kwa ukili huwezi. Nikamweleza nilivyofundishwa na Mchungaji Zakaria: Yuda mfalme mpya alingoja mwaka mpya ndipo akaanza kuhesabu mwaka wake wa kwanza, lakini Israeli hawakungoja. Mwaka aliokufa baba waliuhesabu kwa baba, na huo huo wakauhesabu kwa mtoto. Kwa hiyo miaka ya Israeli imevimba.

Obadia akakawia kama kawaida yake. Kisha akasema, bila ufidhuli wowote, "Hayo ni maneno ya kutafutia mlango wa kutokea, mwalimu. Nani anahesabu mwaka mmoja mara mbili?"

Hee! Damu ikanipanda. "Kaa chini!" Akakaa. Nikazitundika kili zangu ukutani, nikaendelea na somo kwa sauti ya juu isiyo na maana yoyote. Kilichoniudhi si swali lake. Kilichoniudhi ni kwamba lile jibu langu nililijua kama mtu anavyojua jina la mji ambao hajawahi kufika. Nililikariri, nikafaulia mtihani, na likaishia hapo.

Wiki hiyo akaomba apumzishwe kuongoza sala. Akawa anakaa nyuma, mdomo umefumbwa wakati wenzake wanaitikia. Na katikati ya hayo ikaja simu kutoka Ubena. Mama yake alikuwa mgonjwa muda mrefu, na sasa hospitali walisema arudishwe nyumbani, na mnajua maana ya maneno hayo. Mama alikuwa anataka kitu kimoja. Mchungaji wa huko alikuja, mama akamkataa kwa adabu. Alimtaka Obadia aje amwombee. "Mwanangu amesomea," ndivyo alivyosema. "Nataka aniombee yeye kabla sijaondoka."

Obadia hakwenda.

Nikamwita ofisini. Nikamuuliza kulikoni. Akasema, "Nikienda nitaombwa niombe. Siwezi, mwalimu. Mama aliniambia kila neno la humo ni kweli, na mimi nimeshika mkononi neno ambalo si kweli. Kama hesabu ya wafalme ni ya kubandika, nitajuaje yaliyobaki? Nimemwambia kwenye simu. Nimemwambia, mama, miaka ya wafalme hailingani. Siwezi kumdanganya mama yangu anapokufa."

"Na yeye akasemaje?"

"Akauliza tu nakuja lini."

Nilimfokea. Sifichi, mimi ni mkali, waliosoma kwangu wanajua. Nilimwambia mama ni mmoja, wafalme wapo arobaini. Nilimwambia aende akadanganye kama ni lazima, Mungu atamwelewa. Akaniangalia kwa huzuni tu, na nikajua maneno yangu yamegonga ukuta. Mama mdogo wake akawa anapiga simu kila siku, na kila siku Obadia anasema kesho. Nilikuwa naogopa. Nilijua kijana huyu akimkosa mama yake, atabeba hilo shingoni mpaka azeeke, na vile vidole vitatu vya ukili nilikuwa nimevitundika mimi.

Jumanne ya wiki iliyofuata, kaka mkubwa wa Bi Mwanahamisi akafariki. Wakamzika siku hiyo hiyo alasiri. Nilikuwepo, nimekaa mkekani na wanawake, nimejifunga kanga mbili. Wakatangaza tanga ni siku tatu. Nikarudi nyumbani na hesabu yangu kichwani. Kwetu Upareni nilizoea mambo mengine ya msiba, lakini siku tatu ni siku tatu, au siyo? Nikajiambia nitakwenda siku ya kuanua, maana ndipo wenye msiba wanapowashukuru majirani, nami nitapeleka mchele na sukari wasije wakaniona sina utu.

Ijumaa asubuhi nikajitwika bakuli langu la mchele, sukari mkononi, nikaenda. Ajabu, njiani sikukutana na mtu. Nafika, hakuna turubai. Hakuna viti. Masufuria makubwa ya kukodi hayapo. Bi Mwanahamisi peke yake anafagia ua.

"Hodi hapa."

"Karibu. Hee, mwalimu! Umepotea njia?"

"Nimekuja kuanua tanga, shoga."

Akasimamisha ufagio. "Tanga limeanuliwa jana!"

"Jana? Jana si ilikuwa siku ya pili?"

"Ya pili kwa nani?" Akanyoosha vidole vyake. "Jumanne. Jumatano. Alhamisi. Tatu hizo."

Na mimi nikanyoosha vyangu. "Jumatano. Alhamisi. Ijumaa. Tatu hizi."

"Na Jumanne umeitupa wapi?" Akauweka ufagio chini kabisa. "Kaka yangu kalazwa chini Jumanne. Watu wamelia Jumanne. Ubwabwa umepikwa Jumanne, na wewe umekula, nimekuona kwa macho yangu. Halafu unaanza kuhesabu Jumatano? Wallahi ninyi Wapare! Umengoja watu wote waondoke ili mchele wako urudi nao nyumbani!"

Nikacheka. Naye akacheka, mpaka kicheko kikamgeukia kikawa kilio, maana kaka yake ndio kwanza yuko kaburini, nami nikalia naye, tumeshikana katikati ya ua uliofagiwa nusu. Tukakaa mkekani. Akanimiminia chai. Kukawa kimya kile cha nyumba iliyotoka msibani, kama mawimbi yamerudi nyuma. Na mimi nimekaa, kikombe mkononi, macho yananielea, nikawaona. Nikamwona mzee Yeroboamu analazwa chini, na siku hiyo hiyo, kabla udongo haujakauka, Nadabu mwanawe anakaa kitini, na mwandishi anaandika mwaka mmoja kwa wote wawili. Hakuna anayemshangaa. Upande wa pili wa mpaka, kule Yuda, mwandishi mwingine anangoja mwaka mpya ufike. Anayeanza na siku ya kuzika, na anayeanza kesho yake.

Bi Mwanahamisi si mwongo. Mimi si mwongo. Tumehesabu msiba mmoja, tukapata siku mbili mbalimbali za kuumaliza.

"Mwalimu, umekuwaje? Chai inamwagika."

Nikamwachia mchele wote, na bakuli. Sikuaga vizuri, na kwa hilo alinisema mwezi mzima.

Nikamkuta Obadia nyuma ya jiko anapasua kuni. Nikamwambia aweke shoka. Nikamsimulia yote kama nilivyowasimulia ninyi, na ubwabwa, na Wapare. Akacheka! Sikuwa nimemsikia akicheka tangu siku ya kili.

"Hata kwetu Ubena ipo hiyo," akasema. "Baba alipofariki, upande wa baba walihesabu ya kwao, upande wa mama wakahesabu ya kwao. Wakagombana. Tukaanua mara mbili."

"Nani alidanganya?"

Shoka lilikuwa limelala kati yetu. "Hakuna," akasema. "Wote walimzika baba."

"Hebu njoo."

Tukaingia darasani. Nikazitungua kili, nikampa sindano na uzi. Nikamwambia, kila nilipofunga uzi wa mfalme wa Israeli, kunja kidole kimoja, mwaka ule ni wa wawili. Akaanza kukunja na kushona. Kwa Nadabu akakunja. Kwa Baasha akakunja. Kwa Ela akakunja, na hapo nikamwambia atazame vizuri, Ela anaandikwa miaka miwili, lakini alianza mwaka wa ishirini na sita wa Asa, akauawa mwaka wa ishirini na saba. Akahesabu kwa vidole kama Bi Mwanahamisi. "Ishirini na sita, ishirini na saba. Mbili hizo." Akatabasamu kidogo, akashona.

Nilimweleza pia jinsi mwaka wenyewe unavyoweza kuanza mahali pengi. Bi Mwanahamisi mwezi unaofuata Ramadhani anauita Mfungo Mosi, wa kwanza. Lakini mwaka wa Kiislamu anausherehekea Mfungo Nne. Na mimi ukuta kwa ukuta naye, wangu ni Januari. Hatujawahi kupigana. Yuda na Israeli nao kila mmoja alikuwa na mwezi wake wa kuanzia.

Tulipomaliza mwekundu, ukawa mfupi kuliko mweupe! Obadia akanitazama. Nikamwambia subiri, Yuda nao wana lao. Asa aliumwa miguu uzeeni, na wapo wanaoona kwamba mwanawe Yehoshafati alikaa naye kitini miaka kadhaa akimsaidia, na miaka hiyo ikahesabiwa kwa wote. Kama kijana anavyoshika shamba baba angali hai. Akakunja na hapo. Na mwishoni mwishoni, Yuda walipooana na nyumba ya Ahabu wa Israeli, inaonekana waliiga hata kuhesabu kwao. Akakunja tena. Zikakaribiana. Zikakaribiana kabisa. Ikabaki tofauti kama unene wa uzi.

Akaiwekea ncha ya sindano. "Na hapa?"

Nilikuwa na maneno ya kusema. Mwalimu hakosi maneno. Nikayaacha. "Hapo sijui."

"Hujui?"

"Sijui, mwanangu. Na huko mbele, kwa Peka na kwa Hezekia, yako mafundo makubwa kuliko hili, na mengine sijui vilevile. Waliyoandika, waliandika kwa kuhesabu kwao. Mengine tumeyapata, mengine bado."

Akakawia kuliko siku zote nilizomfahamu. Nje jua lilikuwa limeelemea upande wa Msata na darasa limejaa ile rangi ya asali, na wafalme wamelala juu ya meza wamekunjwakunjwa kama nguo za mtoto. Kisha akazikunja zote mbili, akazitia kwapani.

"Tunaweza kwenda leo, mwalimu?"

Tukapata lifti ya pikapu inayopeleka mananasi Chalinze. Dereva akamtaka Obadia akae nyuma na mzigo, mimi mbele. Nilikuwa nageuka kila mara kumwangalia kwenye kioo. Amekaa kati ya mananasi, kili mapajani, midomo inacheza. Nilidhani anajaribu kuomba. Kumbe anajaribu kupanga maneno ya kumweleza mama. Msata ikapita, Lugoba ikapita na vumbi lake la kokoto, na mimi kwa harufu ya yale mananasi nikasinzia, nikawa sijui kama ninakwenda Ubena au Samaria. Nilichojua ni kwamba nasali moyoni tusichelewe.

Hatukuchelewa. Mama Obadia alikuwa amelazwa kwenye kitanda cha kamba sebuleni, dirisha wazi. Amekwisha. Amebaki macho tu. Nikampa pole, akanishika mkono akasema karibu, mama, akamwuliza mdogo wake kama nimepewa maji. Katika hali ile! Kisha akamwona Obadia mlangoni.

"Baba, umekuja."

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Marahaba."

Obadia akachuchumaa pembeni ya kitanda. Nikajua hatasalimia tu akaishia hapo, na kweli, akazifungua kili na kumwekea juu ya shuka. "Mama, nilikwambia miaka ya wafalme hailingani. Nilikosea. Wale wa Israeli walihesabu mwaka wa msiba kwa wote wawili, baba na mtoto, na wale wa Yuda..." Akaendelea. Akamwonyesha Nadabu, akamwonyesha Ela, akamweleza miguu ya Asa. Hakuacha hata lile fundo lililobaki, akamwambia hapa mwalimu hajui. Mama yake alisikiliza jinsi mama anavyomsikiliza mtoto aliyetoka shule, anatikisa kichwa mahali ambapo hajaelewa. Mkono wake ukawa unapapasa ukili.

"Umesukwa vizuri," akasema. "Nani kausuka?"

"Jirani yake mwalimu."

"Ana mkono mzuri." Akapumzika, pumzi zinamtoka kwa shida. "Baba, hao wafalme."

"Naam, mama."

"Wako wapi sasa?"

Obadia akatazama kili, akatazama mama yake. "Walishakufa, mama."

"Wote?"

"Wote."

"Na mimi nakufa," mama akasema. "Haya, niombee."

Obadia akapiga magoti, akamshika mkono, akafungua kinywa na sauti ikamkatika. Nikaona mabega yake yanapanda na kushuka. Mama hakumharakisha. Akangoja, macho kayafumba, uso umetulia. Akaanza upya, kwa sauti ndogo, ya kitoto, na safari hii ikatoka, na ikaendelea kutoka, na mama yake akawa anaitikia amina kila alipovuta pumzi, hata mahali ambapo hapakuwa na amina.